Riwaya mpya na zile za kurudia: mnagawaje muda mkiwa mmebanwa?

mpenda_riwaya (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam.

Naomba msaada wa wale wanaosoma riwaya kwa mpangilio huku wamebanwa na kazi na nyumba. Muda uliopo ni huu: vipande vya dakika 10 hadi 15 mara mbili au tatu kwa siku (alfajiri kabla nyumba haijaamka, ndani ya basi, kwenye foleni), nusu saa ya usiku ambayo macho yanakuwa yameshachoka, na mwisho wa wiki saa moja na nusu mfululizo, ikipatikana. Vitu viwili vinagombea muda huo. Kuna riwaya mpya zinazosubiri kwenye rafu, na kuna nne au tano za zamani ambazo nataka kuzirudia ukurasa kwa ukurasa, si kuzipekua.

Je, riwaya ya kurasa 240 hivi inasomeka kweli kwa vipande vya dakika 10 bila kupoteza uzi? Nikitaka kurudia ya zamani, lazima niisimamishe mpya? Na kwa vipande vidogo kama hivyo, kipi kinafaa zaidi, karatasi au simu?

Naomba majibu yenye hesabu na hatua. "Ukipenda utapata muda" nimeshaambiwa na haijanisaidia.

---

Pambizo

Salaam mkuu. Vipande vya dakika 10 vinafaa, ila havifai kwa kila kitabu wala kwa kila sehemu ya kitabu. Kosa kubwa ni kuhesabu dakika bila kuuliza kitabu chenyewe kinadai nini.

Kabla ya mpango wowote, pima kasi yako. Chukua riwaya unayokusudia kusoma, fungua katikati, weka saa ya simu dakika 10, soma kwa mwendo wako wa kawaida, kisha hesabu kurasa ulizomaliza. Fanya hivyo asubuhi, mchana na usiku, maana namba za usiku huwa chini na usipozijua utajilaumu bure. Vile viwango vya maneno 200 hadi 300 kwa dakika vinavyotajwa mitandaoni achana navyo. Vimepimwa kwa Kiingereza. Neno letu moja kama "wasingalimwambia" linabeba mzigo ambao Kiingereza kinaugawa kwa maneno sita, kwa hiyo idadi ya maneno lazima ishuke hata kama uelewa uko palepale. Hesabu kurasa.

Tuseme umepata ukurasa mmoja kwa dakika moja na nusu. Kurasa 240 ni dakika 360, yaani saa 6. Kwa dakika 20 za kila siku ni siku 18. Hesabu hiyo inapendeza, lakini imesahau gharama ya kuingia. Kila unapofungua kitabu kipya kuna dakika mbili au tatu zinazokwenda kwenye kukumbuka: nani alikuwa wapi, amekasirishwa na nini, na huyu shemeji aliyetajwa jana ni shemeji wa nani. Kwenye kikao cha saa moja na nusu gharama hiyo haionekani. Kwenye kipande cha dakika 10 imekula karibu theluthi. Umebaki na dakika 7, kurasa nne na nusu hivi. Kurasa 240 sasa zinataka vipande 53, na kwa vipande viwili kwa siku ni siku 27.

Chukua sasa riwaya ambayo umeshaisoma mara mbili. Unaona jina, na hapohapo unajua mwenye jina ametoka wapi na anakwenda kuishia wapi. Kuingia ni nusu dakika. Dakika zilezile 10 zinakupa kurasa sita, vipande 40, siku 20. Basi likifika kituoni ukiwa katikati ya sentensi, hakuna kilichoharibika.

Kwa hiyo mgawanyo sahihi ni kinyume cha ule ulioenea. Watu hubeba kitabu kipya kwenye basi, na kile wanachokipenda wanakiwekea likizo. Geuza. Vipande vyote vya dakika 10 hadi 15 vipe riwaya ya kurudia. Kikao cha mwisho wa wiki kipe riwaya mpya. Hapo hazigombani tena kwa sababu kila moja ina saa zake, na swali lako la pili linakuwa limeisha.

Sharti moja: kurasa 50 za mwanzo za riwaya mpya usizisome kwa vipande kabisa. Humo ndimo mwandishi anakotandaza watu wake, mahali, na sauti ya msimulizi. Ukizikata vipande kumi na moja ndani ya wiki mbili, kila siku unakutana na mgeni mpya kabla hujamzoea wa jana. Riwaya nyingi zinazoachwa huachwa hapo, na kitabu kinabebeshwa lawama ya ratiba. Kikao kimoja cha dakika 75 hadi 90 kinakuvusha. Ukishavuka, hata riwaya mpya inaweza kuvumilia vipande vya dakika 20, si chini ya hapo.

Sasa mahali pa kuachia. Mazoea ni kuachia mwisho wa sura. Kwa kitabu kipya hapo si pazuri, maana sura inayofuata huanza mahali pengine na watu wengine, na kesho unaingia kwenye baridi. Maliza sura, kisha soma aya moja au mbili za sura inayofuata, mpaka umeona nani yupo na wapi, ndipo ufunge. Mahali pabaya kuliko pote ni katikati ya majibizano: mazungumzo yakikimbia mistari kumi bila "alisema fulani", kesho hutajua nani anasema nini na utarudi nyuma ukurasa mzima. Ikibidi kukatiza hapo, weka nukta ya penseli pambizoni kwenye mstari wa mwisho ambao msemaji ametajwa kwa jina.

Alamisho nayo ifanye kazi. Kata karatasi ngumu ya sentimita 5 kwa 15. Upande mmoja andika wahusika kadiri wanavyoingia, kila mmoja kwa mstari mmoja: jina, uhusiano, ukurasa wa kwanza kuonekana. Upande wa pili, kila unapofunga kitabu andika maneno yasiyozidi manane: nani, wapi, anataka nini. "Yuko mlangoni, hajagonga, barua iko mfukoni." Unatumia sekunde 15 kuandika na kesho unaokoa dakika mbili. Usigeuze alamisho kuwa muhtasari wa kitabu. Ukianza kujaza aya umeshaacha kusoma.

---

mwanagenzi_wa_fasihi

Naunga mkono karibu yote, lakini hiyo ya kurasa ina mtego. Kurasa hazilingani uzito. Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) na Mzingile iliyofuata (1991) ni vitabu vyembamba. Kwa kipimo cha Pambizo utasema jioni moja inatosha kila kimoja. Haitoshi. Masimulizi yake hayaendi kwa mpangilio wa tukio linalozaa tukio, kila ukurasa unakudai usimame. Kwa kazi za namna hiyo ongeza dakika zako mara mbili au tatu, na upime kasi kwenye kitabu chenyewe, si kwenye riwaya nyepesi halafu ukahamishia.

La pili, kugawa kwa sura mara nyingi kunafaa kuliko kugawa kwa dakika, kwa sababu sura imepimwa na mwandishi mwenyewe. Vita na Amani ya Leo Tolstoy inatisha kwa unene, lakini ina sura 361, nyingi zikiwa fupi. Sura moja kwa siku inakupitisha mwaka mzima na siku nne za ziada za kuugua au kusafiri. Kabla ya kuanza kitabu chochote kinene hesabu sura zake, gawa kurasa kwa sura, uone wastani. Wastani ukiwa kurasa 5 hadi 8, kitabu hicho ni cha vipande vidogo hata kama kina kurasa elfu moja. Ukiwa kurasa 40, kiache kwa vikao virefu hata kama ni kifupi.

Wala kusoma kwa vipande si kuidhulumu riwaya. Charles Dickens, tangu 1836, alitoa riwaya zake nyingi kwa sehemu za kila mwezi, kwa kawaida kurasa 32, na wasomaji wake walikaa mwezi mzima kati ya sehemu na sehemu. Walishika uzi kwa sababu kila mhusika alikuwa na namna yake ya kusema na kutembea ambayo hukosei. Riwaya zilizoandikwa kwa kutolewa vipandevipande, yakiwemo masimulizi ya magazetini yaliyokuja kuwa vitabu, zina mapumziko ndani yake tayari. Anza na hizo.

---

Kioo_na_Wino

Nijibu la simu na karatasi.

Kwa kipande cha dakika 10 simu inashinda kwa jambo moja tu: iko mkononi tayari. Inashindwa kwa jambo moja pia: arifa. Ujumbe mmoja ukiingia, hata usipoufungua, ile gharama ya kuingia aliyoieleza Pambizo unailipa upya. Kwa hiyo pakua kitabu mapema, washa hali ya ndege, ndipo ufungue programu ya kusomea. Weka programu hiyo peke yake kwenye ukurasa wa kwanza wa simu, zile za mitandao zihamie ukurasa wa tatu. Kidole kina mazoea yake, na ukikihamishia njia kitafuata.

Mpangilio wa maandishi watu wengi hawaugusi, na ndio unaochosha macho. Maneno yetu ni marefu, na programu nyingi za kusomea hazina kanuni za kukata neno la Kiswahili mwisho wa mstari. Ukiziacha zinyooshe maandishi pande zote mbili, mstari wenye maneno matatu marefu unabaki na mashimo katikati, na jicho linaruka shimo kwa shimo. Zima unyooshaji huo. Maandishi yaanzie kushoto na kulia yaishie popote. Ukubwa wa herufi uweke hadi mstari uwe na maneno matano au sita kwa simu ya kawaida. Nafasi kati ya mistari iwe mara 1.4 hadi 1.5 ya herufi. Ukurasa utakuwa na mistari michache na utafunua mara nyingi zaidi, sawa, lakini jicho halitapotea mstari.

Angalia pia aina ya faili. EPUB inajipanga upya kulingana na kioo chako. PDF, hasa iliyotokana na kupiga picha kitabu, haijipangi: ukurasa umeganda, na kwa simu utakuwa unausukuma kushoto na kulia kwa kila mstari. Kama PDF ndiyo pekee uliyonayo, tafuta kitufe cha kukata kingo nyeupe, kisha laza simu. Upana wa ukurasa utajaa kioo na utakuwa unashusha chini tu. Hapo inasomeka, ila kwa riwaya nzima ya kurasa 240 napendekeza utafute nakala ya karatasi.

Kwa nusu saa ya usiku usitumie simu kabisa. Tumia karatasi, au kile kisomeo chenye wino wa kielektroniki, ambacho hutumia umeme zaidi pale ukurasa unapogeuka na hivyo chaji yake hukaa wiki kadhaa. Kitu kimoja kibaya kwenye visomeo: huonyesha asilimia badala ya unene. Kwa anayerudia kitabu ni hasara, kwa sababu mkono hukumbuka "ilikuwa karibu na mwisho, ukurasa wa kushoto, chini", na kisomeo hakina kushoto wala chini. Riwaya unazozipenda kweli, zile nne au tano, ziwe za karatasi.

Kusikiliza nako kuna nafasi yake. Msomaji wa sauti huenda kama maneno 150 kwa dakika, kwa hiyo riwaya ya maneno 90,000 ni saa 10; ukiongeza mwendo hadi 1.25 ni saa 8. Ni nzuri kwa kurudia, haifai kwa usomaji wa kwanza wa kitabu kizito, maana huwezi kusimamisha sentensi ukaitazama. Sikiliza wakati mikono ina kazi na kichwa hakina: kupiga pasi, kufua, kutembea. Ukisikiliza huku unaandika au unajibu ujumbe, vyote viwili vinataka lugha na riwaya ndiyo inayoanguka. Ukitumia sauti ya simu isome maandishi, hakikisha umechagua lugha ya Kiswahili kwenye mipangilio. Sauti ya Kiingereza haijui kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na baada ya dakika tano hujui unasikia nini.

---

mpenda_riwaya

Asanteni sana, hili la kugeuza (ya zamani kwenye basi, mpya mwisho wa wiki) sikuwahi kulifikiria, na hesabu imeniridhisha.

Bado nina la kurudia. Nachaguaje kipi kirudiwe na lini? Na kuna namna ya kurudia isiyokuwa kusoma yote upya? Naogopa kugeuza kitabu ninachokipenda kiwe cha kusinzia nacho.

---

mzee_wa_vitabu

Mwanangu, hapo umeuliza swali lenyewe.

Kwanza ondoa wazo kwamba unakikumbuka. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus, katika majaribio ya kusahau aliyoyachapisha mwaka 1885, alijipima kwa silabi zisizo na maana, na nyingi zilimpotea ndani ya siku ya kwanza. Hadithi hukaa kuliko silabi, ni kweli, lakini inakaa ikiwa imebadilika. Mwanasaikolojia mwingine, Frederic Bartlett wa Cambridge, alichapisha mwaka 1932 majaribio ambayo Waingereza walisoma ngano ya wenyeji wa Amerika Kaskazini kisha wakaisimulia upya mara kadhaa. Ngano ilizidi kufupika, na yale waliyoyaona ya kigeni yakageuzwa yafanane na mazoea yao. Mitumbwi ikawa mashua. Riwaya yako pendwa imefanyiwa hivyohivyo kichwani mwako. Kitabu kilichoko kwenye rafu na kile unachokipenda ni viwili tofauti, na kurudia ndiko kunakovikutanisha.

Kuchagua: chukua kila kitabu unachofikiria kukirudia, na bila kukifungua andika mistari mitatu kuhusu mwisho wake, na mmoja kuhusu namna kilivyoanza. Kisha fungua kurasa mbili za mwanzo na mbili za mwisho ulinganishe. Kile ambacho umekosea zaidi huku ukiwa bado unakipenda, anza nacho. Kile ulichopatia kila kitu kinaweza kusubiri mwaka mwingine. Orodha ya kurudia isizidi saba. Ikizidi hapo inakuwa rafu ya pili ya vitabu vinavyosubiri, na umerudi kwenye tatizo lako la mwanzo.

Lini: muda mfupi na muda mrefu vinakupa vitu tofauti. Ukirudia ndani ya wiki chache, matukio bado yako kichwani, kwa hiyo macho yako huru kuona ufundi: wapi mwandishi alificha jambo, kwa nini sura ya tatu ni fupi, nani hajawahi kupewa nafasi ya kusema. Ukirudia baada ya miaka mitano au kumi, ufundi unaupita, unachokiona ni watu. Baba mkali uliyemchukia ukiwa kijana unamsoma sasa ukiwa na umri wake. Vyote viwili ni vizuri. Kibaya ni miezi sita hadi kumi na minane: umesahau kiasi cha kutoona ufundi, unakumbuka kiasi cha kutoshangaa. Huo ni uzoefu wa wasomaji, si sheria, lakini jaribu uone.

Na ziko namna za kurudia ambazo si kusoma yote.

Iliyo rahisi, na ambayo wengi hawaifanyi: ukimaliza riwaya, siku hiyohiyo au kesho yake soma tena sura ya kwanza. Dakika 15 hadi 20. Karibu kila riwaya nzuri imeweka mwisho wake ndani ya mwanzo, na hapo ndipo utaona. Sijui dakika 20 za kusoma zinazolipa kuliko hizo.

Ya pili ni kurudia kwa jicho moja. Chagua swali moja kabla ya kufungua na usome kwa ajili ya hilo tu. Kwa riwaya ya upelelezi swali lipo tayari: ushahidi uliwekwa wapi? Chukua mojawapo ya zile za Bwana Msa za Muhammed Said Abdulla, sema Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Unamjua tayari mwenye kosa. Sasa kila jambo linalomhusu linapotajwa, weka kistari pambizoni, kisha tazama aya inayofuata: mwandishi amekupeleka kutazama wapi badala yake? Ukiwa na vistari vitano au sita utaona kazi ya mkono wa fundi kama unavyoona mshono ukigeuza nguo ndani nje. Kwa riwaya ya familia, fuata mhusika mdogo mmoja, mtumishi au dada asiye na sauti, uruke kurasa asizokuwemo. Kurasa 240 zinakuwa 60 na kitabu kinakuwa kingine.

Ya tatu ni ile nzima, polepole. Hiyo ndiyo ya basi na foleni, kama alivyosema Pambizo.

Tumia penseli laini, 2B, usikandamize. Weka nukta kwa usomaji wa kwanza, kistari kwa wa pili, duara kwa wa tatu. Nyuma ya kitabu, ukurasa mtupu wa mwisho, andika mwezi na mwaka uliomaliza. Baada ya miaka utasoma pambizo zako pamoja na riwaya. Kalamu ya wino inapenya karatasi nyepesi na kutokea upande wa pili. Ile ya rangi ya kung'aa ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu usomaji unaofuata jicho litakwenda penye rangi kabla hujafika.

Kuhusu kusinzia nacho, hofu yako ni ya haki. Usirudie sura unayoipenda kuliko zote ukiwa umechoka. Ukifika mlangoni mwake usiku, funga, uisome asubuhi. Nusu saa ya usiku ipe sura za katikati, zile za safari na maelezo ya mahali, ambazo zinavumilia macho mazito.

---

mpenda_riwaya

Shikamoo mzee, na asante sana. Hiyo ya kufuata mhusika asiye na sauti naanza nayo.

Moja la vitendo: nakala moja imeanza kuachia kurasa kwa kufunguliwa sana. Nifanyeje?

---

Fundi_Jalada

Usiguse selotepu. Ndani ya miaka michache inakuwa njano, gundi yake inaingia kwenye karatasi, na ukiitoa inaondoka na herufi.

Kwa ukurasa mmoja au miwili iliyotoka: tumia gundi nyeupe ya maji, ile ya mbao au ya karatasi inayokauka ikabaki laini. Isiwe ile ya papo kwa papo. Inakauka kama kioo na mgongo utapasuka pembeni yake. Futa vumbi kwenye ukingo wa ndani wa ukurasa. Kwa ncha ya kijiti paka mstari mwembamba, milimita 2 tu, kwenye ukingo huo. Gundi ikizidi inatambaa na kushika kurasa za jirani, na hilo ndilo kosa la kawaida. Ingiza ukurasa mpaka uguse mgongo, juu na chini vilingane na wenzake. Weka kipande cha karatasi ya nta kila upande wa ukurasa, funga kitabu, weka vitabu vizito vitatu juu, acha usiku mzima. Usifungue kuchungulia.

Kama ni fungu zima la kurasa kumi na zaidi limetoka pamoja, mgongo wenyewe umekufa, mpelekee mtengeneza vitabu.

Na kitabu kipya cha mgongo wa gundi ambacho unajua utakirudia, kilegeze kabla ya kusoma. Kisimamishe mezani kwa mgongo, laza jalada la mbele, kisha la nyuma, halafu kurasa 20 za mbele, 20 za nyuma, ukipitisha kidole taratibu kwenye mkunjo, hadi ukutane katikati. Ni dakika 5. Kinachoua mgongo ni kukifungua katikati kwa nguvu mara ya kwanza, na kukilaza kifudifudi juu ya meza kila unapoitwa.

---

mpenda_riwaya

Shukrani. La mwisho kabisa kwa Pambizo: ikitokea wiki tatu zimepita bila kugusa riwaya mpya, kazi imezidi, nianze upya?

---

Pambizo

Inategemea ulifika wapi. Kama hukuvuka kurasa 50, ndiyo, anza upya, kwa kikao kimoja. Umepoteza kidogo, na kurasa hizo safari hii zitakwenda mbio.

Kama umevuka 50, usianze upya. Ukianza utafika ulipokuwa ukiwa umechoka na utaacha palepale. Soma alamisho yako, pande zote mbili. Kisha kwa kila sura uliyomaliza, soma aya ya kwanza na ya mwisho tu. Ni kama dakika moja kwa sura, kwa hiyo sura kumi ni dakika 10. Sura ya mwisho uliyoisoma, isome yote. Ndipo uendelee, na kikao hicho kisiwe chini ya dakika 40.

Baada ya kurasa 10 ukiona bado majina hayana nyuso, kifunge, andika kwenye alamisho mwezi na ukurasa uliofika, kirudishe kwenye rafu alamisho ikiwa ndani. Endelea na ile ya kurudia kwenye basi kama kawaida. Hiyo usiisimamishe hata wiki za kazi nyingi, kwa sababu ndiyo inayofanya dakika 10 zako zibaki kuwa za kusoma. Ukizipa simu kwa wiki tatu, kuzirudisha ni kazi kuliko kuirudia sura.